Saikal Mbele ya Jopo

Saikal alitimiza miaka kumi na minane mwezi wa Machi, theluji ya Naryn, mji wao wa milimani, ingali imeganda, na ruzuku yake ya mtoto mlemavu ikakoma. Hakuna aliyemwonea, ndivyo ilivyo kwa kila mtoto anapokuwa mtu mzima. Sasa alipaswa kwenda mbele ya jopo la madaktari liamue ni mlemavu wa kundi gani.

Mama yake, Burul, miaka yote hiyo alilipwa kwa kumtunza bintiye nyumbani. Malipo hayo yangeendelea endapo tu Saikal angewekwa kundi la kwanza, la wasiojiweza kabisa. Saikal alizaliwa na upande wa kulia uliokakamaa. Alitembea kwa magongo.

"Leo usijitie ushujaa," Burul alimwambia asubuhi, akimmiminia chai ya maziwa. "Wakikuuliza kama unavaa mwenyewe, huwezi. Kupika, huwezi. Chooni, huwezi."

"Hata chooni, mama?"

"Huko ndiko huwezi kuliko kote."

Saikal alicheka. Mama yake hakucheka.

Jopo lilikuwa na madaktari watatu, na msemaji wao alikuwa mwanamke mnene aliyevaa sweta juu ya koti jeupe.

"Jina lako nani?"

"Saikal," Burul akajibu.

"Nimemuuliza yeye. Wewe utusubiri nje, dada."

"Nje? Tangu ananyonya naingia naye!"

"Sasa hanyonyi."

Burul alimtupia bintiye jicho, akatoka. Saikal hakuwahi kukaa na daktari bila mama yake kumsemea. Aligundua kwamba hajui aweke wapi mikono.

"Unavaa mwenyewe?"

Jibu alikuwa nalo tayari mdomoni. Lakini kuvaa buti kulimgharimu msimu mzima wa baridi, akijifunza sakafuni huku akilia kwa hasira, na ulimi ukakataa kulikana hilo.

"Ninavaa. Ila nachelewa."

"Kupika je?"

"Nakaanga viazi. Maji ya moto siwezi kuyabeba."

"Ukiachwa peke yako kutwa?"

"Sijui. Sijawahi kuachwa."

Daktari aliinua macho, akamtazama kwa mara ya kwanza, kisha akaendelea kuandika.

Walimpa kundi la pili. Pensheni ingelipwa kwa jina lake mwenyewe. Malipo ya mama yalikwisha.

"Umewaambia nini?" Burul aliuliza barazani.

"Ukweli."

"Ukweli! Haya, huo ukweli ukatutilie makaa jikoni!"

Hakusema naye tena mpaka kesho yake jioni. Saikal alidhani ni hasira ya fedha, na kweli ilikuwa hiyo. Lakini usiku alimwona mama yake ameketi kitandani, mikono mapajani, kama mtu aliyeachishwa kazi. Ndipo alipotambua kwamba ndivyo ilivyokuwa hasa.

Majuma machache baadaye Burul akapata kibarua katika jiko la shule. Siku ya kwanza aliondoka alfajiri, akarudi mara mbili kuangalia jiko, mara ya tatu akapigiwa kelele na Saikal: "Nenda, mama, utafukuzwa hata hujaanza!"

Saa nne Saikal alianguka na ndoo ya makaa. Alilala sakafuni kwa muda, akisikiliza ng'ombe wa jirani, goti likimwaka moto. Hakuita mtu. Alijikokota hadi kwenye benchi, akajiinua.

Burul aliporudi alikuta vumbi jeusi hadi mlangoni.

"Umeanguka."

"Mara moja."

Mama aliinama kutaka kuokota makaa, akasita, akanyooka. Akaketi na kuanza kuvua buti.

"Wale wapishi wa shule," alisema, "karoti wanaziosha kama vile wanaogopa kuzilowesha. Nimewaambia. Wamenichukia tayari."

Saikal aliufuata ufagio kwa gongo moja, akaanza kufagia, huku akimuuliza wapishi hao ni kina nani.