Ubwabwa wa Mtani

Octavian alipanda kitanda cha kupimia pale hospitali kwa kujikokota, tumbo limemtuna, macho ya njano, na bado mdomo haukutulia.

"Haya, Mzaramo, mtumwa wangu, fanya kazi!" alimwambia daktari.

Mektilda, mkewe, alitamani kumfinya. Utani, utani, hata leo!

Utani huohuo ndio uliowaponza. Mara ya kwanza Daktari Kondo alimpaka Octavian ile jeli baridi, akapitisha kifaa cha ultrasaundi juu ya ini, akawaonyesha kwenye kioo uvimbe mmoja, mdogo. Ni saratani, alisema, ila imewahiwa. Angeingiza sindano huku akiifuata kwa macho kwenye kioo kilekile mpaka ifike ndani ya uvimbe, kisha auue kwa spiriti. Hapo akaharibu. Alikwishajua mgonjwa ni Mnyamwezi wa Kwihara, mtani wake tangu mababu zao walipokuwa wakipishana kwenye misafara ya pwani, basi akashindwa kujizuia.

"Wiki ijayo urudi, Mnyamwezi wewe! Usiporudi nakuja kula ubwabwa wa msiba wako."

Jamani, mtani akikutajia msiba si unacheka? Octavian alicheka njia nzima. Mektilda naye alicheka, na hilo ndilo linalomkereketa mpaka kesho. Wiki ilipofika, tumbaku ilikuwa imeiva shambani.

"Tuvune kwanza," alisema mumewe. "Yule Mzaramo ana njaa zake tu."

Wakavuna. Wakakausha. Wakauza. Ndipo tumbo likaanza kujaa.

Sasa kifaa kilikuwa kikitembea juu ya ini, kikirudi, kikitembea tena. Mektilda alikodolea macho kioo. Uvimbe ule mmoja hakuuona. Aliona mabaka, mengi, kila mahali.

"Mbona kimya, mtani?" Octavian aliuliza. "Sindano iko wapi?"

Daktari alizima mashine. Akachukua karatasi laini, akamfuta jeli taratibu.

"Mzee wangu," alisema, "samahani sana. Umeenea mno, na umeingia kwenye mshipa mkubwa. Hakuna tena pa kuchoma sindano."

Mzee wangu! Hakumwita mtumwa wala Mnyamwezi. Mektilda akamgeukia daktari.

"Hivyo ndivyo ungemwambia siku ile!" alifoka, machozi yakimtoka. "Hivyohivyo, bila kucheka!"

Daktari aliinamisha kichwa.

"Mwache, mama," Octavian alisema. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ila ubwabwa wake uutie nazi. Wazaramo hawa, bila nazi hawali."

Hakuna aliyecheka.