Kilichoandikwa kwa Wino Mwekundu

"Hivi shemeji yako kalamu moja haimtoshi?"

Mshonaji wa nyumba ya pili aliwahi kumuuliza mjane hivyo, siku mzee yule alipopita na kalamu mbili zimechomoza mfukoni kama askari wa lindo. Walicheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano.

Mjane alimweleza. Tangu astaafu posta, shemeji alikuwa akiandika historia ya kanisa lao. Hakuna aliyemtuma, ni mapenzi yake tu. Kilichoonekana kwa macho alikiandika kwa bluu, kinachodhaniwa kwa nyekundu. "Nikivichanganya hivi viwili," alizoea kusema, "mnifukuze nikapige soga kijiweni."

Mjane naye alihojiwa, maana ndiye aliyekuwa akifagia kanisa mwaka lilipoungua. Alisema fundi seremala aliingia na taa ya mafuta. Bluu. Alitoka mlango wa nyuma mikono mitupu. Bluu. "Nadhani aliisahau inawaka." Shemeji akafunika ya bluu, akafunua nyekundu. Neno "nadhani" hakuliandika. Kwake rangi ilikwisha kulisema. Mjane akaridhika, akarudi jikoni.

Daftari likaenda kwa mpiga chapa. Binti wa pale alikuwa makini, hakuruka hata nukta. Alichapa yote kwa wino mweusi, tangu jalada hadi ukurasa wa mwisho. Shemeji kwa furaha akahesabu kurasa, hakuzisoma. Nakala mia mbili zikaletwa kugawiwa Jumapili baada ya ibada, na ukurasa wa kumi na moja ulisema: "Fundi aliisahau taa inawaka, kanisa likaungua."

Fundi huyo ni baba mzazi wa mshonaji. Bado yu hai.

Jumanne mshonaji alikuja na kitabu mkononi. Alimkuta shemeji mezani kwa mjane, ameinamia nakala thelathini zilizobaki, anapiga mstari mwekundu chini ya sentensi ile, nakala moja baada ya nyingine. Zile nyingine zilikuwa majumbani mwa watu.

"Dada, baba hajala tangu Jumapili. Anauliza nani alimwona akiisahau."

"Hakuna aliyemwona. Nilidhani tu."

"Mbona humu hamna kudhani?"

"Sentensi hiyo niliiandika kwa nyekundu, mwanangu," shemeji akasema, akimsogezea daftari. "Tazama mwenyewe."

"Kwa hiyo mzee, nilibebe daftari lako nyumba kwa nyumba, niwaonyeshe rangi?"

Shemeji akashika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Jumapili nitasimama mbele ya watu," mjane akasema. "Nitasema yalikuwa mawazo yangu."

"Watu watasema nimekulilia ukanionea huruma. Wewe sema hakuisahau. Basi. Sema ulimwona akiizima. Dada, miaka thelathini tunapiga magoti benchi moja, sijawahi kukuomba kitu."

Kweli hakuwahi. Mjane aliitazama mikono yake juu ya mapaja. Alijaribu kuirudia jioni ile: mlango, vumbi la ufagio, yule mwanamume akitoka akijipangusa viganja. Zaidi ya hapo palikuwa giza tupu. Labda aliizima. Labda upepo uliiangusha. Labda moto ulianzia kwingine kabisa. Alikuwa amemhukumu mtu kwa kudhani, na sasa anaombwa amwokoe kwa kudhani, tena safari hii aape mbele ya madhabahu. Aliomba kimoyomoyo apewe neno moja tu la kweli ambalo lingemfaa rafiki yake. Halikuja.

"Dada?"

"Sikumwona akiizima," mjane akasema. "Wala sikumwona akiiacha. Niliona mikono mitupu. Ningekuwa na kingine ningekupa, Mungu anajua."

Mshonaji alikiweka kitabu mezani taratibu, akaunyoosha mtandio wake begani. Mjane aliinuka amshike mkono, lakini mwenzake alikwisha kugeuka. Akavaa viatu vyake kizingitini na kwenda zake.