Mkono Wenye Nyama

Mbwa aliitwa Chuma, na kufikia Jumatano alikuwa ameshauma watu watatu: shemeji wa mwenye mbwa, msaidizi wa kliniki, na daktari mwenyewe, ambaye sasa aliandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa kuku. Mwenye mbwa, muuza vifaa vya ujenzi anayejulikana na wote kama Mzee Saruji, alikuwa amemleta Jumatatu kwa mnyororo na maneno machache.

"Mdungeni sindano, apumzike. Uzao huu damu yao mbaya. Mimi nimeshindwa."

Daktari hakubisha. Chanjo zilikuwa kamili, ugonjwa hakuna, na kichwa cha mbwa kilikuwa kipana kama tofali. Kwenye fomu, penye "sababu ya ukali", akaandika: uzao. Sindano ikapangwa Ijumaa, saa nne asubuhi.

Msimdhanie vibaya. Si mtu wa kuua ovyo, na kazi hii ilimnyima raha wiki nzima. Kliniki yake ina desturi aliyoianzisha yeye, na anayojivunia kupita kiasi: kila mbwa mgeni hukaribishwa kwa kipande cha nyama, mkononi, kwa sauti ya kubembeleza. Mbwa wengi hulainika papo hapo. Chuma alipewa nyama, akauma. Wakadhani ni kidogo, wakaongeza. Naye akaongeza kuuma.

Alhamisi mchana daktari alipita nyuma, kwenye vizimba, akaganda mlangoni. Bibi Ndoo, mwanamke mtu mzima anayeosha sakafu na kufua matandiko ya wanyama, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ndani ya kizimba cha Chuma. Ndani! Amempa mbwa mgongo, anakula mkate na yai la kuchemsha, huku akimsimulia habari za mkwe wake asiyejua kupiga deki. Nyuma yake, kwenye bakuli lililowekwa sakafuni, Chuma alikuwa anakula.

Daktari alinong'ona, "Bibi, toka. Polepole."

"Nikiinuka sasa ataacha chakula. Ngoja amalize, mwanangu."

Daktari akangoja. Bakuli lilipokuwa tupu, bibi akajikung'uta makombo, akatoka bila haraka na bila kugeuka.

"Umemfanya nini?"

"Sijamfanya kitu. Jumatatu kipande cha mkate kilinidondoka upande wake wa wavu. Sikumwangalia, nikaendelea kudeki. Nikasikia anatafuna. Sasa nyinyi mkija na nyama mkononi, mmeangalia miguu yake ya nyuma? Inatetemeka kabla hajanguruma. Huyu anaogopa. Mkono wenye nyama anaujua unakuja na nini."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, daktari. Uliniuliza kama sabuni imekwisha."

Daktari aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Miaka yote ile ya chuo, na hakuwahi kuangalia miguu ya nyuma. Bibi alikuwa ameona kila kitu akiwa ameinama na tambara. Daktari alimtazama akikusanya maganda ya yai, akajiambia kwamba angependa siku moja ajue kazi yake hivi.

Ijumaa, saa tatu na nusu, Mzee Saruji alifika amevaa suruali iliyopigwa pasi ikasimama kama ubao. Daktari alimsimulia habari ya bibi na ndoo, kisha akamuuliza swali moja tu: mbwa alifunzwaje?

"Vizuri sana," alisema, kifua mbele. "Mbwa wa ulinzi hapokei chakula cha mgeni, si atawekewa sumu? Aliyeniuzia ndiye aliyenielekeza. Nilikuwa naleta watu, mmoja mmoja, wampe nyama. Akiigusa tu, namchapa na mpira wa maji. Miezi mitatu. Akashika somo barabara."

"Na shemeji yako?"

"Alimletea mfupa..." Mzee Saruji akavua kofia. Mdomo ulibaki wazi kidogo.

Bibi Ndoo aliweka ndoo chini. "Uzao umempa taya kubwa, baba, hilo silikatai. Lakini hata kambwa kadogo ka mapajani ungekafanyia hivyo, kangeuma. Kangekosa nguvu tu."

Msaidizi aliinamisha kichwa. Hakuna mtu anayemjibu Mzee Saruji namna hiyo, hata mkewe. Mzee alikaa kwenye benchi, kofia mkononi.

"Kwa hiyo nimemleta afe," alisema hatimaye, "kwa sababu amenitii."

Akainuka. "Hiyo ndoo mnaiweka wapi? Na mimi nikae."

Daktari alikubali kwa sharti moja, kwamba akae nje ya wavu. Chuma aliposikia hatua zake alijilaza bapa sakafuni, kidevu chini, macho ameyafumba. Mzee Saruji aliona, na uso ukamshuka. Kisha akakaa juu ya ndoo na suruali yake ile, akampa mbwa mgongo, mikono juu ya magoti kama alivyoelekezwa. Bakuli liliingizwa kwa chini, nyuma yake.

Saa nne ikafika, ikapita. Sindano ilibaki kwenye trei. Daktari, kwa mkono wake wa kushoto, akalifuta neno "uzao" kwenye fomu. Bibi alideki ukumbi mzima, akarudia, maana hakutaka kuondoka.

Karibu saa tano, kucha zilisikika sakafuni. Kisha ulimi kwenye bakuli.

"Anakula?" aliuliza Mzee Saruji, kwa sauti ndogo kuliko mwili wake.

"Anakula," alisema bibi.

"Nigeuke?"

"Usigeuke."

Hakugeuka. Machozi yalimdondokea kwenye suruali, naye akayaacha yadondoke, maana kuyafuta kungemlazimu kuinua mkono.