Minazi ya Nyevu

Nazi ya kwanza iliangukia meza ya kioo Jumatano alasiri, Ummulkheir akiwa sebuleni anapinda pazia la mteja. Kioo kilivunjika vipande vipande, nazi ikabiringika hadi chini ya kochi. Ummulkheir aliichomeka sindano kwenye dera lake, begani, asije akaipoteza, kisha akatazama juu. Dari ilikuwa nyeupe na nzima, haina tundu wala doa. Akafagia vioo, akaitoa nazi uvunguni na kuitikisa sikioni. Ilikuwa imekomaa vizuri.

Mumewe, Haroun, aliporudi kutoka hotelini anakotengeneza jenereta, aliikuta nazi juu ya friji.

"Imeanguka ndani?" aliuliza.

"Ndani. Imevunja meza."

Haroun aliipiga kwa kucha, akaridhika na mlio wake. "Basi leo tupate wali wa nazi," akasema. Ni mtu wa tumbo kwanza, mengine baadaye.

Walikuwa na mwezi mmoja tu katika nyumba ile. Mtaa wenyewe ulikuwa mpya, upande wa Junju, umezungushiwa ukuta na kuwekwa lango, nyumba zake zimefanana kama mayai ya trei moja. Ummulkheir ni Mbajuni wa Ngomeni. Tangu aolewe alikuwa amepanga Malindi, akapanga Kilifi, akapanga Mtwapa, na kila alikopanga mwenye nyumba alikuwa na kijana wake anayetaka kuoa pindi tu yeye amalizapo kutundika mapazia. Alitaka jambo moja duniani: nyumba ambayo hakuna wa kumwambia ahame. Sasa alikuwa nayo. Hati yake tu ndiyo ilikuwa bado haijatoka, kwa hiyo masanduku mengine hakuyafungua, na kila gari lilipopunguza mwendo barabarani alikwenda dirishani kuchungulia.

Siku ile walipokuja kuitazama nyumba, rangi haijakauka, aliviona visiki vya minazi vimelundikwa nyuma ya ukuta, vibichi bado. Kwa watu wa pwani ardhi ni mali moja na mnazi ni mali nyingine. Shamba linaweza kuwa la huyu na minazi ya yule, na anayenunua shamba huuliza yote mawili. Babu yake mwenyewe kule Ngomeni alikula maisha yake yote minazi iliyosimama katika ardhi ya watu, na hakuna aliyemgusia. Mtoto ambaye bado hajajua kufunga viatu anajua kuuliza, "Na minazi ni ya nani?" Ummulkheir aliuliza maji hutoka siku zipi.

Nazi ziliendelea kuanguka. Kwa jirani, Mwalimu Nelly, zilikuwa zikiangukia bafuni, na kwa kuwa moja ilishamkosakosa mbele ya televisheni, alitazama taarifa ya habari akiwa amevaa kofia ya pikipiki. Mzee wa nyumba ya kona alivunjiwa kioo cha gari lililokuwa ndani ya gereji. Watu walikutana, wakazungumza habari ya takataka na mbwa wanaobweka, wakaagana.

Ummulkheir alijifunza minazi ilipo. Mmoja ulikuwa katikati ya sebule, mmoja jikoni karibu na friji, mmoja chumbani upande wa miguuni. Makochi yalihamia ukutani. Kitanda kilihamishwa, kikarudishwa, kikahamishwa tena. Upepo wa kusi ulipovuma, makuti yalisuguana humo ndani hata madirisha yakiwa yamefungwa, naye akaacha kushona na kuzunguka chumba hadi chumba, hakai, hasimami, roho juu juu kama mpangaji aliyeambiwa ahame kesho. Hakulala vizuri hata katika nyumba za watu, lakini huku kwake ndiko alikozidi kukosa usingizi.

Mwezi wao wa tatu mle akaja mwanamke wa makamo ya bibi, amejifunga leso mbili, na nyuma yake mwanamume mnene amebeba makapu na kamba. Waliingia moja kwa moja sebuleni, mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, mama," Ummulkheir akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni Nyevu. Minazi hii ni yangu. Huyu ni mpwa wangu, Jefwa, ndiye mkwezi. Zimekawia, tumekuja kuangua."

Ummulkheir aliuondoa mkeka. Jefwa akavua shati, akatia kamba miguuni, akapapasa hewani mpaka mikono yake ikakumbatia kitu, akaanza kukwea. Nyayo zake zilipata vidato kimoja baada ya kingine. Alipofika darini kichwa kikapita, kikafuata kifua, kisha miguu, na baada ya muda nazi zikaanza kushuka kwa vishindo. Nyevu alikaa kwenye kochi la pembeni akizihesabia makapu kwa macho.

Ummulkheir akamletea chai. "Walipokata, mama, hukuwapo?"

"Nalikuwa matangani, Adu, kwa dada yangu. Niliporudi tingatinga lishapita. Nikaambiwa shemeji kauza shamba. Nikasema, shamba ni lake, auze. Lakini minazi aliipanda baba yangu, na akaniachia mimi. Wakaniuliza, minazi gani, mama?" Nyevu alipuliza chai. "Sasa nakaa huko huko Adu, kwenye jiko la dada."

Hakulia wala hakulaumu. Walipomaliza kukwea jikoni na chumbani alimtengea Ummulkheir fungu lake, kubwa kuliko alivyotarajia, kwa sababu aliyeikalia minazi ya mtu na kuitunza ana haki yake, na Nyevu si mtu wa kula haki ya mwenzake. Ummulkheir aliona aibu mpaka masikioni. Alizipokea kwa mikono miwili.

Tangu hapo nazi hazikuangukia tena vitu vya watu, maana zilianguliwa kwa wakati wake. Nyevu alikuja, akaangua nyumba hadi nyumba, akaenda. Nelly aliivua kofia. Haroun alinenepa. Ummulkheir akafungua sanduku moja la vyombo, halafu la pili.

Safari ya nne, kabla ya adhuhuri, askari alimpigia simu Ummulkheir aje langoni. Nyevu na Jefwa walikuwa wamesimama juani nje ya kizuizi, makapu chini. Ndani alikuwapo Eugene, kijana wa kampuni iliyouza nyumba zile, mwenye adabu na shati lililopigwa pasi.

"Shikamoo, mama," alimwambia Ummulkheir. "Samahani kukusumbua. Nasikia huyu bibi huja mara kwa mara na kutoka na mizigo. Sina neno. Ila hati zenu ziko mezani wiki hii, na mawakili wameniuliza kama kuna mtu yeyote mwenye dai humu ndani. Akiwapo, kila kitu kinasimama, mtaa mzima, mpaka mahakama iamue. Inaweza kuwa miaka. Kwa hiyo nakuuliza wewe ambaye huingia kwako. Ana kitu chake humu?"

Nyevu alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alikuwa anamtazama Ummulkheir kwa utulivu, kama mtu anayengoja jawabu analolijua, na Ummulkheir alijua kwamba analolijua ni lile la kweli. Aliona mapazia yake yakiteremshwa, masanduku yakifungwa kamba, gari la mizigo likirudi nyuma mpaka kizingitini.

"Ni mgeni wangu," akasema.

"Mgeni tu?"

"Mgeni tu. Huja kunitembelea."

Eugene akashukuru. Askari, ambaye hakuwa mtu mbaya, akainua kizuizi akicheka, "Haya, mgeni njoo, mwenyeji apone!"

Walitembea watatu hadi nyumbani. Haya ilimshika Ummulkheir, lakini faraja ilimshika zaidi, na hilo ndilo lililomuumiza. Alitangulia kuingia, akauondoa mkeka, akasogeza makochi. Alipogeuka, sebule ilikuwa tupu. Nyevu alikuwa amebaki nje, kwenye jua, amevua viatu na kuvipanga kando ya mlango uliokuwa wazi.

"Hodi," akasema.

Hakuwahi kubisha. Ummulkheir alisimama pale ulipo mnazi, mkono wake umeuegemea, akamwambia karibu.