Bibi na Ndevu za Mshauri

Usiku wa jana niliota niko kwenye kibanda cha video cha DJ Kikohozi, kule nyuma ya soko, na kabla hujaniuliza nililala nimekula nini, nilikula wali maharage, sahani moja, na maharage hayakuwa yamechacha.

Pembeni yangu kwenye benchi ameketi bibi yangu, Bibi Sikujua. Hilo peke yake lingetosha kunijulisha kwamba ni ndoto. Tangu atoke hospitali na kile kifua chake, Bibi hatoki chumbani. Uji anapelekewa, chai anapelekewa, na tukimtania anageukia ukutani. Zamani muvi mpya haikutupita. Mimi namwita mke wangu, yeye ananiita mume wangu, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, na watu wa benchi la nyuma walishazoea kutusikia tukigombana kuhusu majoka.

Bibi si mtazamaji wa kudanganywa. "Hilo joka linatema moto tangu mwanzo, halijanywa hata maji." Hizi muvi za siku hizi ambazo zote ni giza totoro, alikuwa na neno lake: "Vyombo vya kwenda nyotani wanavyo, taa zimewashinda." Na yule mtoto wa unabii, aliyezaliwa kuja kuokoa dunia: "Mbona hatabiriwi hata mmoja anayejua kuosha vyombo?"

Mimi nina lalamiko moja tu. Katika hadithi hizi, iwe kitabu, iwe muvi, iwe tamthilia ya msimu wa nane, mzee anayempenda shujaa lazima afe katikati. Nikiona mzee mwenye ndevu nyeupe na maneno mazuri, naanza kumuaga mapema.

DJ Kikohozi ndiye mtafsiri wetu. Anakaa nyuma na maiki, muvi inasema lugha yake, yeye anaweka Kiswahili juu. Kwa kuwa hakuna anayejua huko kunasemwa nini, analosema yeye ndilo lililotokea. Penye huzuni hukohoa, ndipo alipopatia jina.

"Sasa wanaingia," anasema DJ Kikohozi kwenye maiki.

Na sisi tunaingia. Benchi linabaki.

Tuko kwenye sayari yenye majua matatu. Bibi anatazama juu, anatazama khanga yake. "Hapa nguo zinakauka," anasema.

Mlangoni mwa sayari kuna kitabu kinene, kimesimama wima kama mhudumu wa gesti.

"Karibuni. Mimi ni Juzuu ya Kwanza. Ramani iko mwanzo, majina ya wafalme yako mwisho, katikati mtapotea wenyewe."

"Mko juzuu ngapi?" nikauliza.

"Saba. Mwandishi amefika ya nne, anapumzika."

"Tangu lini?"

"Tuseme anapumzika."

Kikafunguka kidogo, kikasoma kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba wa jirani wa mbali. Mimi ndiye shujaa niliyetabiriwa. Huyu mama ndiye mshauri wa shujaa. Mshauri atamshauri shujaa mpaka darajani, na darajani ataanguka.

"Aanguke kwa nini?"

"Ili ukomae."

Nikamvuta Bibi kando, chini ya kivuli cha jua la pili.

"Mke wangu, nakuomba kitu kimoja. Usinishauri."

"Kwani nimekushauri nini? Ila hilo shati lichomekee, unatembea kama umefukuzwa."

Kidevuni mwake ukachomoza unywele mmoja mweupe. Halafu wa pili. Kufumba na kufumbua ana kindevu kama cha beberu.

"Umeona sasa?" nikamwambia. "Kila ukishauri kinakua."

Bibi akakishika, akakivuta, kikashika. "Marehemu babu yako alizitafuta hizi maisha yake yote," akasema.

Tukatembea. Sijawahi kumwona mtu akiteseka namna ile. Bibi Sikujua kukaa kimya ni sawa na sufuria kuchemka bila kufunuka kifuniko. Tukapita roboti aliyekaa juu ya jiwe akililia kuwa na moyo, nami nikaona Bibi anameza mate, anameza tena. Mwishoni akamgeukia roboti: "Mwanangu, moyo huo huo unaoulilia ndio uliotulaza sisi hospitali. Kaa na betri yako." Ndevu zikafika kifuani. Ushauri kwa mtu mwingine nao kumbe unahesabiwa.

Likaja joka. Lilitua mbele yetu kwa heshima zote, na Bibi akalipatia maji kwenye kata, na kata sijui ilitoka wapi. Joka likanywa, likafunga macho.

"Hakuna aliyewahi kunipa," likasema.

"Najua," akasema Bibi. "Na unywe asubuhi kabla ya kazi."

Ndevu zikafika magotini. Mkononi ikaota fimbo. Khanga ikageuka joho la kijivu, ila maandishi yake yalibaki pale chini.

"Bibi, basi," nikasema. Sikusema mke wangu.

"Siwezi, baba. Ndivyo ninavyopenda watu. Sina njia nyingine."

Mara daraja likaja lenyewe miguuni petu. Ni jembamba kama ubao wa fundi rangi, na chini kuna moto unaochemka kama ugali wa shule. Bibi yuko katikati ya daraja. Mimi niko mwanzoni. Sijui nani alitupanga.

Akageuka, akafungua mdomo, na kilichotoka ni lugha ya muvi. Silabi ndefu, tamu, sikuelewa hata moja. Na kutoka juu mawinguni nikasikia sauti ya DJ Kikohozi: "Anasema, mjukuu wangu, safari yangu imefika mwisho. Nimechoka. Niache."

Ubao ukapasuka.

"DJ," nikaita kuelekea mawinguni. "Badilisha."

"Mimi natafsiri kilichopo, mdogo wangu."

"Tangu lini? Yule roboti wa muvi iliyopita ulisema anatokea Gairo na anadaiwa mahari."

Kikaja kikohozi. Kwanza kidogo, halafu kile kirefu, kile cha mahali ambapo mama anamwacha mtoto kwenye chombo cha angani. "Imenibana," DJ akasema. "Shika wewe."

Maiki ikashuka kwa waya wake kutoka mawinguni, ikanigonga paji la uso.

Midomo ya Bibi bado inaenda. Kutafsiri si mchezo, lazima maneno yatoshe mdomoni. Nikasema: "Anasema, mume wangu, hili daraja fundi wake alikuwa mlevi. Nisubiri, nakuja."

Midomo ikasimama. Bibi akanitazama kwa mshangao wa mtu aliyesemewa uongo mbele ya wageni.

Juzuu ya Kwanza kikaja mbio, kurasa zikipepea. "Huwezi. Asipoanguka hutakomaa."

"Nitakomaa taratibu," nikasema kwenye maiki, "kama ndizi zilizofunikwa gunia."

Ndipo Bibi akasema kwa Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe, ile ambayo nyumbani nilikuwa sijaisikia siku nyingi. "Mume wangu, unanirudisha nifanye nini? Wenzangu wote wameshapita hapa. Kifua kinauma. Pale kitandani naona nawasumbua tu."

Nilikuwa na maneno mengi ya kishujaa. Niliyasoma kwenye vitabu vingi, vingine vizuri kabisa. Nikayaacha huko huko vitabuni.

"Ukiniacha nitaoa nani?" nikasema. "Wanaonijua hawanitaki."

Akacheka. Alianza kwenye mabega, kama anavyochekaga, kisha kikamtoka kile kicheko chake cha kuku aliyetaga. Ndevu zikaanza kudondoka, shungi moja baada ya jingine, zikaungua chini kwa harufu ya saluni.

"Na siku yenyewe ikifika," akasema, "siku ya kweli? Utakuja na maiki?"

"Siku hiyo nitakuwa na kikohozi."

Akatikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyepewa bei ya haki. Akainua mguu aje. Ubao ukavunjika. Mwili ukaenda upande, joho likapepea, Juzuu ya Kwanza kikajifumba kisione, na mimi nikasema haraka kuliko nilivyowahi kusema kitu chochote duniani:

"Kilichoanguka ni kandambili."

Kandambili ikaanguka. Ya kushoto, ya bluu. Nikaitazama ikizunguka kwenda chini mpaka moto ukaimeza, na Bibi akanishika mkono, kiganja chake cha moto kama kikombe cha chai.

"Sasa juzuu ya pili inaanzia wapi?" kitabu kikalia.

"Andika walikwenda kula," akasema Bibi.

Nikaamka. Jua ni moja tu, dirishani. Kwenye korido nasikia mtu anaburuta hatua, anasimama, anaburuta tena. Nikafungua mlango.

Bibi Sikujua amesimama pale, amejishikiza ukutani, khanga kaifunga vizuri. Mguu mmoja una kandambili ya bluu. Mwingine mtupu.

"Mume wangu, umeiona ya kushoto? Nimeamka na njaa, nataka kwenda jikoni, siioni. Uvunguni haipo."

Nikainama nikaitazama ya kulia. Ukingo wake wa ndani ulikuwa umeyeyuka kidogo na kukunjamana, kama raba iliyosogezwa jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa bado halijawashwa.

"Haitapatikana hiyo," nikasema.

Nikavua zangu, nikamvalisha, kwanza mguu wa kushoto. Zilimpwaya. Akazitazama, akavuta pumzi, nikajua ana neno juu ya kucha zangu, na nikamwacha aliseme.