Blanketi la Kaboni kwenye Tanuri la Vyungu

Mkemia hakupaza sauti. Alikilaza kitambaa cheusi cha kaboni, kinene kama blanketi, juu ya meza ya mhandisi, akadondosha tone la maji. Tone lilijiviringa kama ushanga, likagoma kuzama.

"Umeona?" akasema. "Hii ndiyo elektrodi ya betri yetu, pale umeme unapoingilia na kutokea. Kimiminika chenye madini ya vanadi kinapita humu ili kitupe umeme, na kitambaa chenyewe kinakikataa. Hata ukiongeza matangi ya kimiminika, mlango ni huu huu."

Mhandisi akashika kidevu. Betri ile ilihifadhi umeme wa jua wa kituo cha uzazi, na siku hizi ilikuwa ikiishiwa nguvu mapema. Lawama zilikuwa zimemfika shingoni.

"Sasa unatakaje?"

"Nikichome. Kikipata joto kali penye hewa, nyuzi zake zinashika oksijeni na kuanza kupenda maji. Kikizidishiwa, kinaungua. Tanuri la maabara haliingii hata mto wa kulalia, lakini najua lilipo kubwa."

Lilikuwa kwa mama mkwe wake, mfinyanzi mwenye karakana nyuma ya nyumba na tanuri la umeme refu kama kabati la nguo. Bibi huyo hakuwahi kuficha kwamba kazi ya mkwe wake ilimpita kando.

"Kwa hiyo umekuja kupika blanketi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Mwanangu alikuchagua mwenyewe, mimi simo." Huku anasema hivyo, tayari alikuwa akivihamisha vyungu vyake kupisha nafasi.

Walikikunja kitambaa wakakiweka kwenye rafu. Tanuri lilipopoa wakafungua, na pindo zote zilizokuwa karibu na nyaya za moto zilikuwa majivu matupu. Katikati, tone la maji lilisimama kama zamani. Mama mkwe aliangua kicheko, kisha akauona uso wa mkwe wake, akakikata.

"Pole, mwanangu."

Kitambaa kile hakikupatikana kirahisi. Lakini mkemia alichukua kipande kilichobaki, akakigeuza, akakichungulia kwenye mikunjo, na taratibu uso wake ukakunjuka.

"Kosa ni langu, mama, na nimeliona. Nimekikunja, hewa haikufika ndani, na pembeni kikababuliwa na moto. Safari hii tukitundike kama nguo kambani, tupunguze joto, na tundu la juu tuliache wazi."

"Vyuma vya kutundikia ninavyo," akasema mama mkwe, na hakucheka tena.

Kitambaa cha pili kilitoka kizima, cheusi kile kile, ila mng'ao umefifia kidogo. Mkemia akadondosha tone. Halikusimama hata kidogo. Lilinyweka papo hapo. Mama mkwe akampokonya kikombe cha maji, akamwaga mengine.

"Ala! Kina kiu hiki!"

Siku ya kukifunga ndani ya betri kituoni, muuguzi mkuu, dada wa mume wa mkemia, alikuja kusimama mlangoni mwa chumba cha betri, mikono kiunoni.

"Wifi, taa zikinizimikia tena, nahamia kwako na wazazi wangu wote wa wodini."

"Andaa kazi yako, wifi. Umeme niachie mimi."

Pampu zikanguruma. Jua lilikuwa kali, na ndani ya bomba angavu kimiminika cha kijani kikaanza kugeuka zambarau, ishara kwamba chaji inaingia. Mhandisi aliinamia mita, akainuka, akainama tena.

"Inapokea vizuri," akanong'ona, kama anayeogopa kuishtua.

Asubuhi iliyofuata wifi aliingia pale akiwa bado na sare ya zamu.

"Vitanda vya joto vya watoto njiti vimewaka hadi kumekucha, na bado umeme umebaki! Mmefanya nini humu?"

Mhandisi alimgeukia mkemia. "Kitambaa kitadumu?"

"Hilo bado sijui. Asidi iliyomo kwenye kimiminika ni kali. Nitakuwa nakifungua na kukikagua, na kikichoka nitakwambia kabla taa hazijakwambia." Akavuta glavu zake. "Ila nimeshajua namna ya kukichoma. Nipe vitambaa vya seli zilizobaki, zile sehemu za betri ambazo hatujazigusa."

Mhandisi alikuwa ameshatoa simu ili kuliomba tena lile tanuri. "Mama mkwe wako," aliuliza, "tumwite nani kwa heshima?"