Mlembe wa Shaba

Mchezo wetu ulikuwa wa mezani: dadu, karatasi na maneno. Kila Jumapili mchana tulikaa watatu nyuma ya duka la vipuri la baba yake Irfan, hapa Gongoni, Tabora, tukasafirisha msafara wa kubuni kutoka Ujiji hadi Unyanyembe. Irfan alikuwa msimulizi, yaani yeye ndiye aliyesema mvua imenyesha au simba ametokea. Mwalimu Sixbert alikuwa mganga wa msafara. Mimi Koleta, fundi wa kutengeneza vyerehani, nilikuwa fundi hata humo. Kupumzika sijui.

Ndege wa msafara nilimtunga mimi. Springi ya saa kifuani, mbawa za shaba, jicho la kioo linalotunza kila linachokiona. Nikampa umbo la mlembe, yule ndege mdogo wa rangi ya vumbi anayewaita warina asali mpaka kwenye mti wenye nyuki. Nikampa na sharti la porini: ukimfuata ukapata, mwachie sega lake. Mlembe wa kweli ukimnyima, safari nyingine anakupeleka kwa chui. Wangu ukimnyima anaruka hadi kwa adui, anamwonyesha yote aliyoyaona kwako.

Nilimwita Lugembe. Ni jina la baba yangu, mrina asali wa Sikonge, aliyenifundisha sharti hilo kabla sijajua kusoma. Nilipomwambia alicheka mpaka akakohoa. "Yaani nimekuwa shaba?" Alifurahi, nilimwona. Tulimzika mwezi wa nane.

Mwezi uliopita Irfan alikuja na kitabu kipya kutoka ng'ambo, cha viumbe wa michezo kama wetu.

"Fungua ukurasa wa arobaini na moja, dada Koleta."

Nikafungua. Springi yangu. Jicho langu. Ila sasa ana makucha ya tai, na jina lake la Kiingereza maana yake ni Jasusi wa Jangwani. Jangwani! Huku kwetu msitu umesongamana mpaka ng'ombe wanapotea. Chini yake, mtunzi: Irfan peke yake.

"Sega liko wapi?"

"Wachapishaji walisema linachelewesha mchezo, nikaliondoa."

"Na Lugembe?"

"Jina liliwashinda kutamka, dada. Lakini si ndege wetu sote? Tabora imeingia kitabuni!"

Mwalimu Sixbert alikuwa anampigia makofi. Nilitaka kulia, hasira ikawahi. Shukrani ya punda ni mateke, na punda huyu nilimlisha mwenyewe miaka miwili.

"Tucheze," nikasema.

Msafara wetu ulikuwa umejificha msituni, watu sitini tuliowapa majina mmoja mmoja, na adui anatutafuta. Irfan akasimulia kwamba ndege ametuongoza kutwa nzima hadi kwenye kisima, na wote tumekunywa.

"Unampa nini?" akauliza, kwa mazoea.

"Simpi kitu. Wewe ulimpa nini?"

Akatabasamu kama mtu aliyebanwa kidole na mlango. "Dada, tusichanganye mambo."

"Huyu ni wa karatasi yangu, si wa kitabu chako. Amenyimwa. Anaruka."

Kwa desturi ya meza yetu, mwenye kiumbe ndiye anayesema kiumbe wake anafanya nini. Basi nikasema. Nikasema ndege alivyotua begani kwa adui na kumwonyesha njia yetu, zamu zetu, mahali walipolala wagonjwa. Nikawataja watu wetu kwa majina, mmoja mmoja, wanavyokufa. Fundi wangu nilimuua wa kwanza. Nilijua ninaharibu na sikuweza kuacha.

Mwalimu Sixbert akasimama. "Koleta, unaua watu wote kwa ajili ya jina?"

"Jina la baba yangu, Mwalimu."

Akachukua kofia yake akatoka, akinitazama kana kwamba mwizi ni mimi. Hilo liliniuma kuliko kitabu.

Nikabaki nalia bila kujificha. Irfan alikuwa ameinamisha kichwa, nami nikadhani, afadhali, aibu imempata. Kumbe alikuwa anaandika, mbio mbio.

"Endelea, dada," akasema bila kuinua macho. "Hii ya kunyimwa akaenda kwa adui ni nzuri kuliko nilivyokumbuka. Wameniomba kitabu cha pili."